Vitamini B kwa Aliyeachiwa Maumivu na Dawa

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo lililo dogo machoni pa watu, nalo ni kidonge cha vitamini B. Katika nchi ya dhahabu, toka Kahama na Segese mpaka Geita, wako watu waliookolewa na dawa katika ugonjwa mkubwa, lakini miguu yao haijapata raha. Usiku nyayo zao huwaka kana kwamba zimekanyaga majivu ya moto. Asubuhi vidole vina ganzi, hata kandambili ikimtoka mtu njiani hana habari. Mtu wa namna hii huambiwa na rafiki yake, "Nenda dukani ukanunue vitamini ya neva. Haina madhara, ni chakula tu." Basi hununua, humeza, na maumivu yasipokoma huongeza vidonge.

Je, shauri hilo ni jema? Twajibu kwamba nusu yake ni kweli, na nusu yake ni hatari. Kwa hiyo twawaomba baba na mama wa kila nyumba waisome habari hii mpaka mwisho, nao waalimu wawasomee wale wasioweza kusoma.

CHANZO CHA MOTO WA NYAYO

Kazi ya machimbo ni kazi ya vumbi. Jiwe la dhahabu likitobolewa na kusagwa hutoa vumbi jembamba sana. Vumbi hilo likifika ndani ya mapafu halitoki. Huyatia makovu, na mapafu yenye makovu huwa shamba jepesi kwa kifua kikuu. Tena wachimbaji hulala wengi katika vibanda vidogo, na kikohozi cha mmoja huwa cha wote. Ndiyo sababu twaiandika habari hii kwa ajili ya nyumba za Segese na vijiji vyote vinavyoishi kwa dhahabu.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali, na kwa ugonjwa wa kawaida humezwa kwa miezi 6. Nchi yetu ya Tanzania ina sifa katika kazi hii. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na daktari Karel Styblo, aliyeshirikiana nao, alionyesha kwamba mgonjwa akitazamwa anapomeza dawa, na habari zake zikiandikwa katika daftari mpaka siku ya mwisho, hupona. Njia hiyo ilitoka kwetu ikaenea katika nchi nyingi za ulimwengu.

Katika dawa hizo imo moja iitwayo isoniazidi, iliyoanza kutumiwa kwa kifua kikuu mwaka 1952. Hupewa pia watu wasioumwa bado, kama wenye virusi vya UKIMWI na watoto wanaokaa nyumba moja na mgonjwa, ili iwakinge. Ni dawa njema sana, na wengi wasingekuwa hai leo kama isingekuwako. Walakini ina tabia moja: hushikamana na vitamini B6 mwilini na kuitoa pamoja na mkojo, tena huizuia ile iliyobaki isifanye kazi yake sawasawa. Mishipa ya fahamu, ambayo wengi huiita neva, haiwezi kuishi vema pasipo vitamini hiyo. Mishipa mirefu kuliko yote ni ile iendayo miguuni, na kwa hiyo miguu ndiyo inayolia njaa kwanza. Hapo ndipo mgonjwa huona kuchomwachomwa, kisha ganzi, kisha moto.

Si wote wanaopatwa. Wanaopatwa upesi zaidi ni mama mjamzito au anyonyeshaye, mwenye virusi vya UKIMWI, mwenye kisukari, mgonjwa wa figo, mzee, aliyekonda kwa kukosa chakula, na mnywaji wa pombe. Juu ya pombe twasema waziwazi: gongo hudhuru mishipa ya fahamu yenyewe, tena hudhuru ini linalobeba mzigo wa dawa. Anywaye gongo huku akimeza isoniazidi amejitwika mizigo miwili kichwani kwa mara moja.

KINGA ILIYO NDOGO

Tangu zamani watu walikufa kwa kukosa vitamini, wasijue wanakosa nini. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akiwa katika kisiwa cha Java, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana wakilegea miguu. Walipopewa mchele wenye ngozi yake ya ndani, walipona. Kilichokosekana ni kile kiitwacho leo vitamini B1. Mwaka 1912 Casimir Funk alitunga jina la vitamini, na mwaka 1929 Eijkman akapewa tuzo ya Nobel. Ndugu zetu wa Kahama na Shinyanga wanaolima mpunga na wajifunze hapo: mchele mweupe kupita kiasi hupendeza machoni, lakini pumba iliyotupwa imekwenda na sehemu ya uzima wake.

Isoniazidi ilipoanza kutumiwa, waganga waliona ganzi katika wagonjwa wao, nao wakatambua katika miaka ya 1950 kwamba vitamini B6 kidogo huizuia. Mpaka leo mgonjwa aliye katika hatari hupewa miligramu 10 hadi 25 kwa siku pamoja na dawa zake. Ikiwa ganzi imekwisha kuanza, tabibu huweza kumwandikia zaidi kwa muda, naye humtazama.

Basi kama kituo cha afya kimekupa kidonge hicho kidogo kiitwacho piridoksini, usikiogope wala usikitupe. Ndicho kinga yako, nawe ukimeze kila siku kama ulivyoelekezwa. Neno lolote tutakalolisema hapa chini lisimfanye mtu kuacha alichoandikiwa na mganga wake.

KINGA IKIZIDI HUWA ADUI

Sasa twafika penye hatari. Mwili wa mtu mzima wahitaji vitamini B6 kama miligramu 1.3 tu kwa siku. Lakini viko vidonge vya mchanganyiko viuzwavyo kwa ajili ya neva, na kimoja chake chaweza kuwa na miligramu 200. Amezaye 3 kwa siku amemeza miligramu 600, zaidi ya mara 400 ya mahitaji yake. Nacho ni kidonge chepesi, chenye sukari juu yake, ambacho hata mtoto hakikatai.

Watu husema, "Ziada hutoka na mkojo." Nao huonyesha mkojo ulio wa manjano sana kuwa ushahidi. Rangi ile yatoka katika vitamini B2, nayo haina neno. Lakini haituambii kwamba B6 imepita bila kudhuru. Mwaka 1983 waganga wa Marekani waliandika habari za watu wazima 7 waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 za vitamini B6 kila siku. Watu hao walipatwa na ganzi ya miguu na mikono, wakayumba wakitembea, hasa gizani, maana hawakuweza tena kuhisi mahali nyayo zao zilipo. Walipoacha vitamini walianza kupata nafuu. Baada ya hapo wameonekana wengine waliodhurika kwa vipimo vilivyo vidogo zaidi, walipovitumia muda mrefu.

Tazameni ajabu hii, ndugu zetu: upungufu wa vitamini B6 huleta ganzi ya miguu, na wingi wake huleta ganzi ya miguu. Mgonjwa asiyejua hudhani maradhi yamezidi, kumbe ni kidonge. Naye huongeza kidonge. Ni kama mtu azimaye moto gizani kwa kibuyu cha mafuta ya taa akidhani ni maji.

Kipimo cha salama ni kipi? Wataalamu wa Marekani walisema mwaka 1998 kwamba mtu mzima asizidishe miligramu 100 kwa siku. Wale wa Umoja wa Ulaya, walipopima habari upya mwaka 2023, waliteremsha mpaka huo kwa watu wao hata miligramu 12. Mipaka hiyo ni ya mtu ajimezeaye mwenyewe siku zote. Haimhusu mgonjwa wa kifua kikuu apewaye 25 na mganga, kwa sababu ijulikanayo na kwa miezi inayohesabika. Tofauti ya watu hawa wawili ni kwamba mmoja anatazamwa, na mwingine hatazamwi na mtu.

Katika jamaa ya vitamini B wengine ni wapole. B1 na B12 zikimezwa kwa mdomo ni nadra kumdhuru mtu. Lakini niasini, iliyo B3, ikimezwa kwa wingi huwasha ngozi na kuweza kuumiza ini. Sindano nazo ni jambo lingine. Sindano ya vitamini B yaweza, mara chache, kumtia mtu mshtuko mkali, na sindano ya tako ikichomwa mahali pasipofaa yaweza kupiga mshipa mkubwa wa fahamu na kumlemaza mguu. Kwa hiyo msikubali kuchomwa sindano nyuma ya pazia la duka au kibandani machimboni.

HABARI YA DAR ES SALAAM

Mtu asidhani kwamba haya ni maneno ya Ulaya na Marekani tu. Yamepimwa hapa kwetu. Mwaka 1995 waganga wa chuo cha Muhimbili pamoja na wenzao wa Harvard walianza kuwapa vitamini B, C na E, kwa kipimo kikubwa, wanawake wajawazito wenye virusi vya UKIMWI katika Dar es Salaam. Wanawake 1,078 walishiriki. Zamani zile dawa za kupunguza makali hazikuwa zimewafikia. Habari zilizotolewa mwaka 2004 zilionyesha kwamba vitamini hizo ziliuchelewesha ugonjwa. Watu walifurahi, na ilikuwa haki wafurahi.

Kisha dawa za kupunguza makali zikaja, na waganga wakauliza: je, kipimo kile kikubwa chasaidia kuliko kidogo kwa mtu aanzaye dawa hizo? Tangu mwaka 2006 waliandikisha wagonjwa 3,418 katika Dar es Salaam, nusu wakipewa vitamini nyingi, nusu kipimo cha kawaida. Mwezi wa Machi 2009 kazi ile ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Kipimo kikubwa hakikuzuia vifo wala maradhi kuliko kidogo, na katika damu za waliopewa vingi zilizidi dalili za ini kuumia.

Vitamini zilikuwa zile zile, na mji ni ule ule. Zilizomfaa mwenye njaa ya vitamini hazikumwongezea kitu yule aliyekwisha kupata dawa na kipimo cha kutosha, bali zilimtaabisha. Hatujui mfano mwema kuliko huo wa kuwaonyesha kwamba vitamini nayo ni dawa, na kila dawa ina kipimo na wakati wake.

SI KILA GANZI NI YA VITAMINI

Tena kuna kosa la pili, nalo ni kununua vitamini kabla ya kujua kilichouma. Ganzi ina mama wengi, na kila mmoja ana tiba yake.

Katika machimbo madogo watu hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Moshi wake hauonekani sana wala haunuki, lakini huingia mwilini, hutetemesha mikono na kuharibu mishipa ya fahamu. Hakuna vitamini iwezayo kuitoa zebaki. Dawa ya kwanza ni kuukimbia moshi ule, na kamwe kutochomea zebaki nyumbani walipo mama na watoto.

Mwenye kisukari hupata ganzi kwa sukari yenyewe. Lakini hata dawa yake njema, metformini, ikitumiwa miaka mingi huweza kumpunguzia vitamini B12. Huyu hasaidiwi na B6; yafaa apimwe damu na kupewa B12. Wala asijimezee asidi ya foliki nyingi, maana huirudisha damu ikawa nzuri machoni pa mpimaji, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kwa siri.

Wako pia waliotumia zamani dawa ya UKIMWI iitwayo stavudini. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache kwa sababu ya madhara yake, na ganzi ilikuwa mojawapo. Wengine waliachiwa maumivu hata baada ya kubadilishiwa dawa. Dawa hiyo haikuiba B6 kama isoniazidi. Ilijeruhi mishipa kwa njia nyingine, na kwa hiyo vitamini si ufunguo wa mlango ule. Ni vivyo hivyo kwa linezolidi, wanayopewa wenye kifua kikuu sugu: ganzi ikianza, mganga apewe habari upesi ili apime dawa yenyewe.

Tena tusiusahau ukoma. Baka jeupe au jekundu lisilohisi kuguswa si jambo la kupaka mafuta wala kumeza vitamini. Ukoma hupona kabisa ukitibiwa mapema, nao hutibiwa bure.

Mwisho, katika nchi jirani ya Malawi, mwaka 2019 walichunguzwa watu waliokuwa wakimeza isoniazidi ya kinga nao wakaonyesha dalili za pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini. Ngozi ya shingo na mikono huwa nyeusi na kuchubuka penye jua, tumbo huharisha, na akili huvurugika. Ugonjwa huo huwapata hasa walao mahindi matupu. Mwenye dalili hizo apelekwe kituoni siku hiyo hiyo, maana piridoksini peke yake haimtoshi.

NENO KWA MAMA WAJAWAZITO

Asidi ya foliki nayo ni jamaa ya vitamini B, na kila mama mjamzito yafaa aipate ili kumlinda mtoto. Lakini katika nchi yenye malaria mama hupewa pia dawa ya SP kliniki. Foliki ya miligramu 5 kwa siku huipunguzia SP nguvu, na malaria hupata njia. Foliki ya miligramu 0.4 haina tatizo hilo. Basi mama akubali kile apewacho kliniki, asijinunulie kingine pembeni kwa kudhani kwamba wingi ni upendo kwa mtoto.

YAFAAYO KUTENDA

Mwenye miguu iwakayo na atende hivi. Kwanza, asiache dawa za kifua kikuu kwa shauri lake mwenyewe. Aachaye katikati huweza kuurudisha ugonjwa ukiwa sugu, akauambukiza kwa mkewe na watoto wake. Pili, aende kituoni aseme habari yake wazi: lini ilianza, ni mguu mmoja au yote miwili, anakunywa pombe au hanywi, anagusa zebaki au hagusi. Tatu, achukue mkononi vidonge vyote alivyo navyo, hata vile vya dukani, ili mganga ajumlishe B6 iliyomo, kwa maana huweza kuwa ndani ya vidonge vitatu vyenye majina matatu. Nne, kabla ya kununua asome kibandiko, au amwombe mwanawe aliye shuleni amsomee: piridoksini ni miligramu ngapi? Tano, kama alikuwa akijimezea B6 nyingi na ganzi imeongezeka, aache ile ya dukani na kwenda kwa mganga.

Tena awe na saburi. Mshipa wa fahamu uliojeruhiwa hukua kwa kadiri ya milimita moja kwa siku, na toka kiunoni mpaka kidole cha mguu ni safari ya miezi mingi. Wengine hubakiwa na ganzi kidogo siku zote. Wakati huo miguu isiyohisi yataka macho badala ya ngozi: itazamwe kila jioni kama ina kidonda, ivikwe viatu, wala isiotwe moto. Maumivu yakizidi usiku ziko dawa za kuyapunguza, naye mganga ndiye azijuaye.

Na jikoni mwetu Mungu hakutuacha mikono mitupu. Karanga, dengu, choroko, maharage, viazi vitamu, hata michembe na matobolwa, ndizi, mtama na uwele vina vitamini za jamaa ya B. Dagaa wa Ziwa Victoria, maziwa, mayai na maini hutupa na B12, isiyopatikana katika mboga. Hakuna aliyepata kuumizwa mishipa ya fahamu kwa B6 ya sahani ya dengu. Fedha ya vidonge vya mwezi mmoja yaweza kununua dagaa na karanga za nyumba nzima.

Waalimu, twawasihi mlitangaze neno hili baada ya ibada na katika mikutano ya wazazi. Mwambieni mchimbaji kwamba hakosi imani akienda kituoni, wala haonyeshi ujanja akijiganga mwenyewe dukani. Mwinjili Luka alikuwa tabibu, na yule mwanamke wa Injili aliyemaliza mali yake kwa waganga wengi bila kupona atukumbushe ni watu wangapi leo wamalizao mshahara kwa vidonge visivyowahusu.

Naamani wa Shamu alitazamia jambo kubwa, akachukia alipopewa dogo. Aliambiwa ajichovye mtoni mara saba, naye alipotii akapona. Hakuambiwa mara moja, wala hakuambiwa mara mia. Na sisi tukipewa dawa, tuombe neema ya kukubali kipimo chake, pasipo kupunguza kwa uvivu na pasipo kuzidisha kwa hofu.